Alama ya Kidole Gumba

Ufa ulianzia juu ya dirisha, mwembamba kama unywele, ukashuka mpaka nyuma ya mto wa kitanda. Mama Vyungu aliuziba kwa udongo, ukafunguka. Akauziba tena. Asubuhi ile kidole chake kilizama chote ndani ya ukuta, na alipokichomoa kilikuwa kimelowa. Mvua ilikuwa bado haijanyesha. Akakilamba, akatema. Chumvi, tena chumvi chungu. Maji ya kilimani yalikuwa yamefika kitandani kwake.

Kilima kilisimama mgongoni mwa nyumba, na udongo wake ndio aliofinyanga tangu usichana wake. Ndiyo maana mtaalamu wa madini alipokuja, kijana mpole mwenye shikamoo zake, yeye mwenyewe alimpandisha na kumwonyesha mahali udongo ulipokuwa laini kuliko kote. Alijivunia. Kilima chake kimepata mgeni!

"Mama, hapa zamani palikuwa na mwamba wa graniti," kijana alimweleza huku akiusugua udongo viganjani. "Joto na mvua vikauozesha polepole, miaka isiyohesabika. Mwamba ukafa, ukawa udongo. Lakini madini adimu yaliyokuwamo hayakuondoka. Yameung'ang'ania huu udongo."

"Sasa mtayachimbaje?"

"Hatuchimbi. Tunatoboa matundu, tunamimina maji ya chumvi. Udongo unayaachia, yanateremka na maji, tunayakinga kule bondeni. Kilima kinabaki palepale."

Alimpa chungu bure, na baraka juu.

Kilima kililoweshwa kutwa kucha. Mwanawe, wa pekee aliyebaki nyumbani, alipata kibarua cha kupandisha magunia ya chumvi, kuikoroga na kuimimina kwenye matundu, yakiwemo yale ya mteremkoni, juu kabisa ya paa la mama yake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema mtu afanyeje ikiwa hicho hicho ndicho kinachomlisha.

Mama Vyungu alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

"Nyumba inapasuka, baba. Waache kumimina hapo juu yangu, walau mvua zipite, kilima kisije kikaniangukia."

"Mama, wewe una haki ya juu ya ardhi. Ya chini ni mali ya serikali."

"Mimi nalala huko juu. Chini ndiko kunakoondoka."

"Kwani si wewe uliyewaonyesha?"

Hilo lilimchoma. Akasema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

Mwenyekiti akacheka mpaka akafuta macho. "Basi ziba, mama yangu. Nani amekukataza?"

Mama Vyungu akaliokota neno hilo kama lilivyo. Wafinyanzi walikuwa na mwiko wao: shimo la udongo halilali wazi. Ukishachota, unafukia kabla hujajitwisha mzigo. Mama yake alimchapa utotoni kwa kosa la kuliacha wazi. Basi Jumapili, vibarua wakiwa mapumzikoni, akakanda udongo mzuri, akapanda na kapu lake, akaziba kila tundu lililokuwa juu ya paa lake. Aliziba kwa ustadi, akashindilia kwa ngumi, akalainisha. Akateremka magoti yakimuuma na moyo mweupe. Alilala kama mtoto.

Kesho yake msimamizi wa vibarua aliingia uani ameshika kizibo cha udongo mkononi. Mwana wa Mama Vyungu alimfuata nyuma, kichwa chini.

Vyungu vilikuwa vimepangwa juani, vimepinduliwa. Msimamizi akaweka kizibo kando ya kimoja. Kwenye kitako cha chungu palikuwa na alama ya kidole gumba, yenye kovu la kisu katikati. Kwenye kizibo pia. Mkono una mazoea yake. Ulitia alama kila tundu kama ulivyotia kila chungu, naye hakukumbuka hata mara moja.

"Kijana," msimamizi akasema bila kupandisha sauti, "hiki kidole cha nani?"

Mwanawe alikitazama kidole kilichomlisha uji. "Sijui, bosi."

"Hujui. Sawa. Mwenye kidole nikimjua, nitampeleka kituoni, na wewe kazi basi. Nisipomjua, utapanda sasa hivi uyazibue matundu yote kwa mikono yako. Chagua."

"Mwanangu..." Mama Vyungu alianza.

"Nyamaza, mama," mwanawe akasema. "Tafadhali, mama yangu, nyamaza."

Akapanda. Kutoka uani alionekana amepiga magoti, akichokoa, akisogea, akipiga magoti tena. Baada yake walikuja wenzake na mpira wa maji ya chumvi. Mama Vyungu alisimama pale pale mpaka jua likamhama.

Jioni mwanawe alirudi, mikono myekundu hadi viwikoni.

"Yote?"

"Yote, mama."

Hakunawa. Aliingia chumbani, akakishika kitanda cha mama yake, akakikokota mbali na ufa. Miguu ilikwaruza sakafu hatua mbili, kitanda kikagota ukuta wa pili. Akasukuma. Akaweka bega, akasukuma tena huku akilia kwa sauti, lakini chumba kilikuwa kimeisha.

Juu ya bati, matone ya kwanza ya mvua yakaanza kugonga.