Beseni la Simu Mlangoni

…na samahani, hii itasimuliwa vibaya, maana inapita ndani ya kichwa cha Daktari Makuach, na humo leo hakuna wazo lililokaa kwenye kiti chake, yote yamesimama yanapiga kelele, wakati mwenyewe ameketi mstari wa mbele, mikono magotini kama mtoto wa komunio ya kwanza, akimtazama Profesa Conrad ukutani, Profesa wa watu yuko Kampala, mtandao umemgandisha mdomo wazi, na beseni pale mlangoni linatetemeka tena, grrr, grrr… simu za madaktari wote zimelala humo chali kama samaki sokoni, kwa amri ya nani, amri ya Makuach, mkuu wa mafunzo, kila Jumatano unaingia, unatumbukiza simu, hutoki mpaka maswali yaishe, kwa sababu zamani somo halijafika katikati, ukumbi mzima umeshahamia kliniki zao za binafsi mtaani Hai Cinema, na walimpigia makofi alipoitunga sheria hiyo, na sasa inayotetemeka ni ya nani, aah, si anajua, ya kwake ndiyo iko juu, aliingia wa mwisho, akitoka wodini, ambako alimwambia Sista Fortunate kwa sauti ya jukwaani, Pal akibadilika nipigie, nitakuja mbio, halafu akaja hapa akaitumbukiza simu kwa mkono wake mwenyewe, mkono umezoea, haukuuliza kichwa… Pal ana miaka miwili na nimonia mapafu yote, anagawana mashine moja ya oksijeni na mtoto wa kitanda cha jirani, na Fortunate, Mganda asiyejua kupamba maneno, alisema, "Dokta, huyu mtoto iko nachoka," na Abul, mama mtu, akauliza tu, "Ya daktor, fi oksijin tani?" eti nyingine ipo, na yeye, anayechekesha hata wanaodungwa sindano, akapapasa mifuko yote ya kichwa akitafuta utani, hakuna, akasema, "Inakuja, mama Pal," inakuja kutoka wapi, haiji kutoka popote… "Mkubwa," Ngor ananong'ona nyuma yake, kijana wa kambi ya Kakuma huyo, hana breki, "beseni lako limeinua mkono, liko na swali," watu wanacheka, na yeye anacheka, Mungu wangu, anacheka kweli, "Nyamaza wewe, tuko darasani," kwani akisimama itakuwaje, mkuu kavunja sheria yake, Jumatano ijayo kila daktari atakuwa na mgonjwa mahututi Hai Cinema, na hata akifika wodini atafika amebeba nini, atamkamulia mtoto hewa kwa mfuko wa mkono mpaka lini, mpaka jioni, mpaka mashine ishuke kutoka mbinguni, hapa angalau kuna feni, hapa angalau Abul hamwoni… hilo sasa, rudia, hapa Abul hamwoni, kumbe ndilo hilo… ukutani Profesa anayeyuka, mdomo unafumba, unafunguka, "…kwa hiyo mtoto aliyekuwa akihema kwa kelele, akinyamaza ghafla, msifurahi. Amechoka." Kalamu zinakwaruza ukumbi mzima, ya Makuach pia, amechoka, anaandika, kwa mwandiko mzuri kabisa, na hapo ndipo beseni linanyamaza. Watu wanashusha pumzi. "Afadhali," anasema Ngor… afadhali, na Makuach anageuza shingo, shingo tu, mlango aliodhani amewafungia wenzake uko wazi, uko wazi tangu asubuhi, beseni lenyewe ndilo limeuzuia usijifunge, na kutoka hapo mpaka kwenye kiti chake hakuna mlinzi, hakuna kufuli, kuna kizuizi kimoja tu, kinene, kimevaa koti jeupe lenye jina la Makuach kifuani, na bado kinaandika.