Ngai-ngai Nyekundu ya Cassien

Jumatatu moja ya Agosti 1998, Cassien alivuka mpaka kwa daraja la Rusizi asubuhi kwenda kazini Bukavu, kwenye kituo kinachochunguza mimea ya dawa. Kabla ya jioni vita vilikuwa vimefika huko. Hakurudi.

Nyumbani aliacha mkewe Mukansanga, mama yake mzazi Mukandori, na mistari mitatu ya ngai-ngai nyekundu, mboga ya majani machachu, ile ya dawa ya kuongeza damu, aliyoichagua msimu kwa msimu mpaka mashina yakakolea wekundu. Mukansanga aliapa kuitunza hadi mwenyewe arudi. Mama mkwe naye, ardhi isikae bure, akachomeka katikati ngai-ngai ya kijani ya kupikia samaki.

Mwaka uliofuata mbegu za dawa zilitoa miche myekundu. Mwaka wa pili, miche mingi ikatoka kijani.

"Imepungukiwa damu," akasema Mukandori, akaimwagia maji ya maharage mekundu. Yaliposhindwa, akamwaga mawese. Sisimizi wakaja.

"Maman, inabakia chumvi tu," akacheka Béatrice, mchuuzi wa Bukavu aliyepanga chumba cha uani. "Tunakula saa ngapi?"

Mukansanga akashika kiuno. Cassien alikuwa amemweleza mara mia.

"Rangi haimwagiwi, Maman! Mbegu inabeba amri mbili, moja ya baba, moja ya mama. Ya wekundu ina nguvu. Ya kijani inajificha nyuma yake, kisha inatokea kwa watoto. Nyuki wamechanganya zako na zake."

"Mimi sifugi nyuki."

Mukansanga aliingia ndani. Alikata chandarua kikuukuu, akashona vifuko, akayafungia humo machipukizi ya maua ya miti sita myekundu, nyuki wasiyafikie.

"Weye! Unavalisha maua kalisoni?" akauliza Béatrice, akivitazama kama chupi za mtoto.

Kesho yake vifuko vitatu havikuwepo. Mukandori alikuwa anachujia navyo maji ya ndizi.

"Hii ndiyo kazi ya Cassien iliyobaki!" Mukansanga akapaza sauti. "Akirudi nimwambie nini? Kwamba mama yako aliipika?"

 Tangu ile Jumatatu hakuna aliyekuwa amelitaja jina hilo mbele ya Mukandori. Akavirudisha vifuko kabla maua hayajafunguka, akachukua jembe, akang'oa za kijani zote, na kwa hasira akapitia na nyekundu mbili ambazo hazikuwa na kosa. Mukansanga alifumba macho tu. Ile sita ilikuwa salama.

Msimu uliofuata, mbegu za kila mti zilipata mstari wake. Mistari minne ilitoa mchanganyiko. Miwili ilitoka nyekundu tupu. Mukansanga alichuchumaa, akakagua mche baada ya mche, akarudia tena.

"Ni yenyewe," akasema Mukandori nyuma yake. "Hata mwanangu alizaliwa mwekundu hivyo."

Sasa ngai-ngai ya kijani inapandwa mbali na nyuki wa hapa, Giheke, kwa dada wa Mukandori. Kila Alhamisi Mukandori anakwenda kwa miguu kuchuma ya kupikia, na akirudi analalamikia magoti.