Chiriku Haimbi Leo

Wanafunzi wanane walikuwa wakipanua midomo chini ya barakoa, vitambaa vikipanda na kushuka, na hakuna hata mmoja aliyetoa sauti. Wimbo ulitoka kwenye spika iliyofichwa nyuma ya sanamu ya Bikira Maria. Mimi, mwalimu wa kwaya, nilikaa benchi la mwisho na kompyuta mapajani. Kazi yangu ilikuwa kubonyeza.

Kuimba kulikuwa kumepigwa marufuku, eti pumzi ya mwimbaji hubeba maradhi mbali. Wanafunzi walirudishwa makwao, wakabaki hawa wanane ambao makwao hakukufikika. Kila Jumapili Misa ilirushwa mtandaoni ili wazazi waone shule ingali hai, na Padri, mkuu wetu wa shule, akaamua tutumie rekodi za mwaka uliopita. Mwanzoni nilicheka. Nikasema potelea mbali, Mungu anaelewa.

Kisha Chiriku akafa.

Tulimwita hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo: akifua anaimba, akipanga foleni ya chakula anaimba, akiadhibiwa ndiyo kwanza anaongeza. Maradhi yalimkuta nyumbani. Walimzika watu waliojifunika nailoni kutoka utosini hadi kwenye nyayo, mama yake akiwa amezuiwa kando ya barabara kama mpita njia. Sisi hatukwenda. Tulituma salamu.

Wiki chache baadaye Padri aliniita ofisini. Alikuwa akijipaka dawa ya mikono yenye manukato ya matunda, tamu kupita kiasi, harufu ambayo mpaka leo hunipanda kooni.

"Jumapili hii askofu atatutazama, mwalimu wangu," alisema. "Weka ule wimbo wa baada ya Komunyo."

"Ule ni wa Chiriku, Padri. Anaimba peke yake mwanzo hadi mwisho."

"Ndiyo uzuri wake. Yule binti wa kidato cha pili asimame mbele, afuatishe kwa mdomo. Na barakoa ile, nani atajua?"

"Mama yake atajua."

Akajipaka dawa tena, kidole kwa kidole. "Mama yake yumo msibani, hana habari na mitandao. Na rekodi ni mali ya shule."

"Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, Padri."

"Ndiyo maana tunamwombea," akasema, akanifungulia mlango kwa kiwiko.

Nilipofika nje nilishusha barakoa nikatema mate kwenye maua yake. Naam, mtu mzima mimi, mwalimu, nilitema mate. Nilitamani kuoga. Mtoto wa watu hajakauka kaburini, tayari tumemgeuza pambo la kumfurahishia mgeni!

Kwenye mazoezi yule binti alisimama pale mbele, mikono imemning'inia.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "najiona kama nimevaa nguo za maiti."

"Fumba tu macho," nikamwambia. "Hata dakika tano hazifiki." Nikajisikia nikisema hayo, na kinyaa nilichokuwa nacho kwa Padri kikanigeukia mwenyewe.

Jumapili ikafika. Padri aligawa Komunyo kwa mikono yenye glavu, akaketi, akafumba macho, akavaa ule uso wake wa ibada. Mpiga picha akaniinulia kidole gumba. Binti akasogea mbele, akapanua mdomo chini ya barakoa.

Nikaifunga kompyuta.

Wimbo haukutoka. Mtu akakohoa, na siku hizo ukikohoa kanisani hata malaika wanageuka. Binti akafumba mdomo taratibu, mabega yakamshuka kama aliyetuliwa ndoo kichwani. Padri akafumbua jicho moja.

Alinikuta sakristia, chumba cha mavazi ya Misa. "Umeniaibisha mbele ya askofu."

"Bora aibu, Padri. Aibu hunawika."

"Lete funguo za chumba cha kwaya. Na hiyo kompyuta."

Nikampa palepale, nikatoka roho yangu kwatu, wala sikuaga. Sikuwa nimefika hata kwenye ngazi simu ikalia. Alikuwa mama yake Chiriku. Nilijiweka sawa, maana nilidhani kuna mtu kamwambia nilichomfanyia mwanawe, naye amepiga kunishukuru.

"Hujambo, mwalimu?"

"Sijambo, mama. Pole tena."

"Nimekwishapoa. Naomba kuuliza, mtandao wa huko ulikatika? Maana baada ya Komunyo hatukusikia kitu."

"Kwani mlikuwa mnatazama?"

"Kila Jumapili. Dada yangu ananiletea simu yake. Wanapoimba wote huwa namtafuta mle ndani, namtafuta, mpaka nampata. Leo nilipomwona yule binti anasimama pale pake, nikajua ni ule wake wa peke yake. Nikamwambia baba yake aongeze sauti. Tukangoja."

Niliegemea ukuta, simu sikioni.

"Mwalimu, upo?"

"Nipo, mama."

"Basi Jumapili ijayo mtauweka?"

Kupitia mlango wa sakristia nilimsikia Padri akicheka na mtu kwenye simu, cheko la kubembeleza wakubwa, na ile harufu tamu ya dawa ilikuwa imeshatoka hadi niliposimama.

"Nitamwomba Padri," nikasema.

"Mungu akubariki, mwanangu."

Nikapandisha barakoa mpaka chini ya macho, nikarudi kubisha hodi.