Dada wa Duka la Runinga

Runinga ya zamani ilikata roho Jumapili, katikati ya taarifa ya habari, na kufika Alhamisi Mkasi alikuwa amekwisha kwenda duka la runinga mara tatu. Mkasi ni jina la utani. Alikuwa fundi cherehani mwenye duka lake, mshonaji wa nguo za maharusi, mtu ambaye hata viatu hununua kwa kupita njia, bila kurudi mara ya pili. Safari hii alikuwa akirudi nyumbani mikono mitupu na mdomo umejaa.

"Yule dada wa dukani kanieleza kitu," alisema huku akivua koti. "Kumbe LED si aina ya kioo. Kioo ni kilekile cha..."

"Cha LCD," mkewe alimmalizia kutoka jikoni. "LED ni taa zilizo nyuma yake. Kioo chenyewe hakitoi mwanga, kazi yake ni kuuzuia na kuupitisha."

"Ndivyo alivyosema."

"Basi kasema kweli."

Mkewe alikuwa mpiga picha za eksirei hospitalini. Kwa miaka mingi alikuwa akibandika filamu kwenye sanduku la mwanga ukutani, taa nyuma, picha mbele, na kwake runinga ya LED ilikuwa sanduku lilelile lililofundishwa kucheza. Kwa hiyo kilichomkera hakikuwa elimu. Tangu waoane, kitu chochote chenye waya Mkasi alimuuliza yeye: friji, pasi, simu, hata kengele ya mlangoni. Sasa amejipatia mwalimu mwingine, na mwalimu mwenyewe ni dada.

Alijaribu kulitazama jambo hilo kama anavyotazama picha ya kifua, bila kujitisha. Safari tatu. Shati jipya siku ya Jumatano. Mluzi bafuni. Ushahidi ulikuwa hafifu na yeye alijua ni hafifu, lakini wivu hausubiri majibu ya maabara.

"Ana jina huyo dada?"

"Sijamuuliza."

"Mara zote hizo hujamuuliza jina?"

"Mama, nilikwenda kununua tivii, sikwenda kuposa."

Lilikuwa jibu zuri. Kwa maoni yake, lilikuwa zuri kupita kiasi.

Jumamosi alivaa gauni la kijani ambalo mumewe alimshonea kwa mkono wake, akajitazama kwenye kioo mbele na nyuma, akatangaza kwamba leo wanakwenda pamoja.

Ndani ya duka ukuta mzima ulikuwa wa runinga, na zote zilionyesha maua yaleyale yakifunguka kwa pamoja, mekundu ya kuumiza macho. Dada alitokea kati ya safu mbili za maboksi. Hakuwa kisura wa kusimamisha watu, wala hakuwa wa kukimbiwa. Alikuwa na mwanya na rimoti mbili mkononi.

"Kaka! Leo umemleta wifi! Karibu, wifi."

Wifi. Mumewe alikuwa na dada wawili wa kuzaliwa, na hao wawili walimtosha sana.

"Nataka kuona picha nyeusi," alisema kabla hajakaribishwa kiti. "Nyeusi tupu. Na taa za hapa mzipunguze."

"Hivi, dada, nilikuwa nataka kuuliza," Mkasi alianza, "ikiwa mtu amekaa..."

"Umbali si tatizo, sebule yetu ni ndogo," mkewe alimjibu. "Subiri kwanza."

Dada alipunguza taa, akaweka picha nyeusi. Hapo mke akawa kama yuko kazini kwake. Alipita mbele ya runinga moja baada ya nyingine, kidole hewani, akasimama kwenye ile nyembamba kuliko zote.

"Hii taa zake ziko ukingoni. Tazama kona zinavyovuja. Kazini sanduku la namna hii tunaliondoa, maana daktari ataona kivuli adhani ni ugonjwa."

"Kweli kabisa, wifi. Wembamba wake unatokana na hapo. Ile pale taa zimetandazwa nyuma yote, na palipo na giza zinajizima."

"Basi ile. Giza lake ni giza kweli. Tufungieni."

Alikuwa amejiandaa kwa vita, naye adui amekubali kila neno. Hakuna kinachoudhi kama hicho.

Dada alimgeukia Mkasi. "Na wewe, kaka? Umekuja navyo?"

Mkasi alimtazama mkewe kama mwanafunzi aliyefumaniwa na pipi, kisha akatoa mfukoni vipande vya kitambaa: chekundu, cha damu ya mzee, cha zambarau.

"Hivyo vya nini?"

"Vya rangi. Wateja siku hizi wanasema, 'Fundi, nishonee kama ile niliyoiona kwenye tivii.' Natazama, nanunua kitambaa, kinakuwa kingine kabisa. Yule bibi harusi wa mwezi uliopita alilia mbele ya mama mkwe wake."

Dada alibonyeza rimoti, akaziondoa runinga kwenye mpangilio wa dukani, ule wa kuita wateja, akaziweka kwenye wa nyumbani. Maua yakaacha kupiga kelele. Mkasi aliweka kitambaa chekundu kando ya kioo alichochagua mkewe, akarudi nyuma, akasogea pembeni, upande ambao kule sebuleni kwao hukaa mashine yake ya kushonea ya nyumbani.

"Kutoka hapa inachujuka," alisema. "Njoo uone."

Alikwenda akaona. Nyekundu ilikuwa imefifia kama kanga iliyoanikwa juani. Kwenye runinga iliyokuwa kando yake, ambayo giza lake lilikuwa la kijivu kidogo, nyekundu ilibaki nyekundu. Alikuwa amechagua runinga ya kusomea mbavu.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilianza. Alhamisi nilisema, 'Kuna jambo la rangi,' ukanieleza habari za taa mpaka chakula kikapoa."

Dada ghafla aliona kitu cha kufuta kwenye rimoti.

Wivu haukuondoka, ulihama tu. Haukuwa tena juu ya mwanya wala sauti. Alikuwa amemwona yule mwanamke akimsikiliza Mkasi huku jibu analo, amelificha nyuma ya meno, akimngoja alifikie mwenyewe.

"Tuchukue ipi?" Mkasi aliuliza. Alimuuliza dada.

"Muulize wifi," dada alijibu.

Mke alihisi uso unamchoma. Swali la mumewe mwenyewe, anarudishiwa kama sadaka. "Ya rangi," alisema.

Kwenye teksi boksi lilijaza kiti chote cha mbele, wao wakabanana nyuma.

"Unajua kwa nini hii inashika rangi?" Mkasi alisema. "Kila nukta ina kitaa chake. Vidogo, maelfu kwa maelfu."

Si kweli. Hiyo ni aina nyingine kabisa ya runinga. Ukweli ulimpanda hadi kooni, akaumeza.

"Halafu?"

Mkasi aligeuka kumtazama. "Unaumwa?"

"Siumwi. Halafu?"

Akaendelea, mikono hewani, akikosea karibu kila kitu mpaka wakafika mlangoni. Mkewe aliitikia pale panapostahili kuitikia. Bado alimchukia kidogo yule dada, ambaye kwa kazi hii ya kusikiliza hulipwa mshahara, na anaiweza zaidi.