Gari Namba Kumi na Nne

Royce Tillery alilinunua gari lile kwenye mnada wa mji wa Carrow, Missouri, siku ambayo jua lilichoma mpaka lami ikawa inanata viatuni. Lilikuwa gari la polisi lililostaafishwa, refu, zito, lenye injini ya silinda nane, na lilikuwa limeshatembea maili laki mbili na ushee. Wanunuzi wengine walichungulia kipimo cha maili wakaenda zao. Royce alichomoa kijiti cha oili akakinusa, akalala chali chini ya gari akagonga chasisi kwa funguo kusikiliza kama kutu imeila, kisha akaliwasha likiwa baridi na kuweka kiganja mbele ya ekzosi. Moshi haukuwa na rangi wala harufu ya oili. Akalichukua.

Kazi yake ilikuwa kupeleka spea za magari kwenye gereji za vijijini, kaunti tatu kwa siku moja, na kazi hiyo ilikuwa imeshaua magari matano. Hakuwahi kununua gari jipya maishani mwake. Mkewe, Maylene, alipenda kusema kwamba Royce akinusa gari jipya anasikia kichefuchefu.

"Sasa umetuletea na polisi nyumbani," alisema Maylene siku alipoliona uani.

"Hili limebadilishwa oili kila mwezi kwa kodi yako na yangu. Waliokuwa wanaliendesha hawakulijali, lakini mafundi wao walilijali."

"Na mimi utanikamata lini?"

"Endelea na mdomo huo, ni leo leo."

Alifunga wota pampu mpya na shokomzoba za nyuma, akaziba tundu la ekzosi, na gari likatulia barabarani kama ng'ombe aliyeshiba. Jambo moja lilimchekesha. Madereva wakiiona ile sura kwenye vioo vyao walikanyaga breki wote kwa pamoja, wakamtengenezea foleni mahali pasipo na foleni. Milango ilikuwa imepakwa rangi nyeupe juu ya maandishi ya zamani, lakini jua likipiga upande, namba 14 ilitokeza chini ya rangi kama kovu. Royce hakuona sababu ya kuhangaika nayo.

Mchana mmoja wa Oktoba alisimama kujaza mafuta kwenye kituo kilichoko njia ya kutokea mjini. Kiti cha nyuma kilikuwa kimejaa maboksi ya diski za breki. Kwenye pampu ya pili alikuwapo mwanamume wa miaka thelathini hivi, fundi wa dari, nguo zimejaa vumbi jeupe la jasi. Jina lake lilikuwa Cordell Meeks, ingawa Royce alikuja kulijua jina hilo baadaye. Alikuwa ameacha kujaza mafuta. Alisimama tu, anautazama mlango wa gari.

"Kumi na nne," alisema. "Umelitoa wapi hilo?"

Royce alidhani amepata mwenzake wa kupiga naye soga. "Mnadani. Linakunywa mafuta kama halina akili, lakini halijaniangusha hata mara moja."

"Umeshawahi kukaa nyuma?"

"Nyuma nabebea mizigo tu, kaka."

"Basi leo utakaa."

Ngumi ya kwanza ilimpata Royce chini ya sikio, na mpira wa pampu ukamtoka mkononi ukamwaga mafuta kwenye viatu vyake. Ya pili ilimkata pumzi. Kabla hajapata hewa, Cordell alikuwa amemkamata kwa ukosi na mkanda, akafungua mlango wa nyuma, akamtupa ndani juu ya maboksi na kuubamiza mlango.

Royce alipapasa kutafuta kishikio. Hakikuwapo. Palikuwa na plastiki tupu, laini, na mbele yake ule wavu wa chuma wa kuzuia mahabusu, ambao hakuwahi kuuondoa. Dirisha nalo halikuwa na cha kuzungusha wala kitufe. Miezi miwili yote alikuwa amelimiliki gari hilo bila kukaa mahali pale hata mara moja.

"Gonga!" Cordell alikuwa anapiga kelele nje. "Gonga kioo! Mdogo wangu aligonga!"

"Sikujui! Simjui mdogo wako! Fungua!"

Cordell alikwenda kwenye pikapu yake akarudi na spana ya magurudumu. Kioo cha kwanza kilimlipukia Royce usoni. Cha pili kikafuata. Kati ya pigo na pigo, Cordell alitoa maneno vipande vipande, na hivyo ndivyo Royce alivyosikia habari za Jarvis Meeks, kijana mwenye pumu, aliyekamatwa kwa kugombana baani, akafungiwa humo mwezi wa Julai, vioo vikiwa juu na injini imezimwa, mpaka akafa.

"Dowd, yule polisi, aliingia kula!" Cordell alisema, sauti imepasuka. "Alikuwa anakula mbavu za nguruwe, mdogo wangu anagonga! Wakasema alilala! Alilala!"

Alilizunguka gari akavunja kioo cha mbele, akavunja taa, akaliponda boneti. Damu ilikuwa inamwingia Royce jichoni. Alishika diski moja ya breki iliyokuwa imetoka kwenye boksi, akakanyaga mabaki ya kioo kwa buti, akajipenyeza dirishani na kuangukia sementi kwa bega. Cordell alikuja juu yake na spana. Royce akaikwepa, spana ikagonga rimu ikatoa cheche, na pale pale, kwa nguvu zake zote, akaizungusha diski ile na kumpiga nayo taya.

Taya lilivunjika. Aliusikia mvunjiko ule mpaka kwenye vidole vyake. Cordell alipiga magoti, mikono imeshika kinywa, spana imeanguka mbali. Hapo mambo yangeweza kwisha. Lakini Royce alikuwa na hasira na woga, na ndani ya vile viwili palikuwa na utamu ambao hakuwahi kuuonja. Akainua diski mara ya pili akampiga gotini. Cordell akalala chini, akajikunja, akilia bila maneno.

Gari la polisi lilifika kabla Royce hajaiacha ile diski. Aliyeshuka alikuwa Sajenti Haskell Dowd, mtu mnene, shingo nyekundu. Kwanza alilitazama gari, si watu.

"Angalia walivyomfanya bibi kizee wangu," alisema, akipapasa boneti iliyopondeka. "Nimekaa naye miaka sita huyu." Kisha akamwona aliyelala. "Kumbe ni wewe tena, Meeks. Sikukuambia tukikutana tena tutamalizana?"

Alichomoa kirungu. Alimpiga mbavuni, akampiga mgongoni, akamgeuza kwa mguu na kumpiga kwenye mkono uliokuwa umeshika taya. Hakuwa na haraka. Alipiga kama mtu anayekung'uta zulia.

"Afande," Royce alisema. "Ameshaanguka."

"Rudi nyuma, mzee. Nakusaidia."

"Afande, basi! Mimi nimeshamvunja, hana kitu tena!"

Dowd aliinua kirungu tena, na Royce, bila kufikiri, akaudaka mkono ule. Kwa kitambo kidogo wazee wawili walivutana kama walevi. Kisha Dowd akajinasua, akakishusha kirungu kwenye mtulinga wa Royce, ule mfupa kati ya shingo na bega, nao ukakatika kama kijiti kikavu. Akainua tena.

"Nakurekodi, Haskell!" Alikuwa Verla, mama wa kaunta, amesimama mlangoni pa duka, simu mkononi. "Nimekurekodi tangu ulivyoshuka! Mpige tena, nione!"

Kirungu kilibaki hewani, kisha kikashuka taratibu. Dowd alikipachika kiunoni, akavaa kofia yake vizuri, akaita gari la wagonjwa kwa sauti ya kazini kabisa.

Mahakamani Royce aliulizwa kuhusu Cordell, akasema yaliyotokea, pamoja na lile pigo la pili ambalo hakuna aliyemuuliza. Wakili wake mwenyewe alimkanyaga mguu chini ya meza. Cordell alifungwa miezi minane. Dowd alisimamishwa kazi kwa muda akiendelea kula mshahara, kisha akastaafu akafanyiwa tafrija. Kifo cha Jarvis hakikufunguliwa upya. Mtulinga wa Royce uliunga vibaya, ukaacha nundu chini ya ngozi.

"Liuze," Maylene alimwambia. "Lichomwe moto. Sitaki kuliona."

"Nitafanya kazi na nini?"

Royce alileta vioo na taa kutoka kwenye yadi ya vyuma chakavu. Lakini kabla ya kufunga hata kioo kimoja, alifungua milango ya nyuma, akang'oa ile plastiki, akaweka vishikio vya gari la kiraia, na wavu wa chuma akaukata kwa msumeno, mkono mmoja umefungwa kifuani. Ilimchukua wiki nzima. Vumbi la chuma lilimwingia machoni, na mara nyingine alikaa chini uani, akalia kidogo, akaendelea.

Kiangazi kilichofuata Cordell alikuja kwa miguu. Alikuwa amekonda, taya limekaa upande. Royce alikuwa anabadilisha oili. Alitoka chini ya gari polepole, na bado alikuwa ameshika spana.

"Sikuja kwa ugomvi," Cordell alisema. Maneno yalimtoka kwa shida, kama yamepita kwenye mlango mwembamba. "Nataka kukaa hapo nyuma."

Royce aliweka spana chini. Cordell aliingia akafunga mlango. Alikaa humo muda mrefu, vioo viko juu, jua linapiga paa, jasho linamtiririka shingoni. Maylene alitokea barazani, akatazama, akarudi ndani. Mwishowe Cordell alifungua mlango akatoka.

"Wewe ndiye uliyeweka vishikio?"

"Ndiyo."

"Umechelewa."

"Najua." Royce alifuta mikono kwa kitambaa. "Lile pigo la pili, la gotini. Halikuwa la lazima."

"Hata mimi sikuwa na shida na wewe." Cordell aligusa taya lake. "Wakati wa baridi linauma mpaka kichwani."

"Ngoja nikupeleke mjini. Ni mbali."

Cordell alilitazama gari kuanzia mbele mpaka nyuma, akatikisa kichwa. Akashika njia, anachechemea pembezoni mwa barabara, na Royce akabaki amesimama uani mpaka asimwone tena.

Gari lilifanya kazi majira mengine mawili ya baridi. Lilipita maili laki tatu bila Royce kumwambia mtu. Halafu giaboksi ikafa kwenye mlima mdogo nje ya mji, theluji inaanguka, maboksi ya spea yamejaa nyuma. Alipiga simu likaja gari la kubebea vyuma chakavu. Alihamisha mizigo, akafungua namba za usajili, na dereva alipomuuliza kama kuna kitu chake kingine humo ndani, akasema hakuna.