Chumvi ya Wifi

Fundi cherehani alitangaza uamuzi wake asubuhi ya mwaka mpya, mezani, mbele ya mumewe kinyozi na mbele ya wifi yake, na baadaye alikiri mwenyewe kwamba hapo ndipo alipokosea. Jambo kama lile angelianza kimyakimya. Lakini wiki mbili kabla daktari alikuwa amempima presha akakuta mia na sitini na tano, akatikisa kichwa. "Mama, ukiendelea hivi utapooza upande mmoja." Mtu anayekula kwa jasho la mikono miwili na mguu wa kukanyagia cherehani akiambiwa neno hilo, hawezi kulinyamazia.

"Kuanzia leo," alisema, "nitatembea saa nzima kila asubuhi. Na chakula changu kisiwe na mafuta mengi. Chumvi kidogo sana. Sukari basi."

Kinyozi akakitazama kikombe chake kama aliyeona nzi ndani. Wifi akaweka kijiko chini.

"Chakula chako," alisema taratibu, "kinachopikwa na nani?"

Wifi alikuwa dada mkubwa wa kinyozi. Alikuwa amepikia shule ya bweni miaka ishirini na minane, na alipostaafu alihamia kwa mdogo wake na begi moja la nguo na mwiko mrefu kama kasia. Tangu siku hiyo fundi hakushika jiko tena. Akirudi jioni kutoka kwenye chumba chake cha kushonea, akiwa na vipande vya uzi nywelani, alikuta sahani imefunikwa, moto. Mwanzoni alishukuru. Miaka minne baadaye alikuwa anazipanua nguo zake mwenyewe kila baada ya miezi michache.

"Sikulaumu, wifi yangu," alisema.

"Hunilaumu? Umekaa mbele ya mumeo unasema chakula changu kinaua, halafu hunilaumu?"

"Ni daktari aliyesema."

"Daktari alikula kwangu lini?"

Kinyozi akanyanyuka. Alisema kuna mteja anamsubiri, ingawa siku ile kila mtu alijua hajafungua.

Basi fundi akaanza. Siku ya kwanza alifika kwenye kona ya kiwanda cha matofali, miguu ikawaka moto, akakaa juu ya jiwe akihema kama mvukuto. Siku ya pili alifika mahali palepale. Watu waliokuwa wanafungua maduka wakamwangalia. Mmoja akamuuliza anakimbizwa na nani. Aliwaitikia kwa salamu akapita. Hao hawakumuuma. Aliyemuuma alikuwa anamngoja mlangoni na ufagio mkononi.

"Bingwa umerudi? Medali iko wapi?"

Au: "Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Tutaonana mwezi wa pili."

Fundi alikuwa na ulimi, si kwamba hakuwa nao. Lakini aliuweka chini ya meno, kwa sababu wifi alikuwa amekubali, kwa shingo upande, kumpikia kwenye sufuria ndogo ya peke yake. Kila jioni ile sahani iliwekwa mbele yake kwa kishindo. "Haya, chakula cha wagonjwa." Na fundi alishangaa, maana mboga zile na maharage yale hayakuwa mabaya hata kidogo. Alidhani ndiyo mdomo unazoea.

Wiki ya tatu, alirudi kutembea akakuta mlango umefungwa kwa ufunguo kwa ndani, na wa nyuma pia. Akagonga. Akaita. Aliona pazia la jikoni linacheza. Kinyozi alikuwa ameshaondoka kwenda kazini. Alisimama pale na jasho linamkauka mgongoni, moyo unampanda, kisha akageuka akaizunguka tena njia yote mpaka kiwandani. Aliporudi mlango ulikuwa wazi, na wifi anachambua maharage.

"Ulikuwa unagonga? Sikusikia. Masikio ya uzee."

Mwishoni mwa Februari alikwenda kliniki na moyo mweupe. Miguu ilikuwa imekuwa myepesi, alikuwa anafika kwenye kona ile bila kutua. Muuguzi akamfunga kile kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akaangalia, akarudia tena. Mia na sabini na mbili.

"Mama, usinidanganye. Unakula nini?"

Fundi akaeleza. Muuguzi akamsikiliza huku anaandika, kwa uso wa mtu aliyesikia uongo mwingi. "Chumvi inatoka mahali fulani," alisema. "Ukiwa mkweli nitakusaidia."

Kesho yake fundi aliondoka kwenda kazini kama kawaida. Saa kumi alasiri akafunga chumba cha kushonea, akawaachia wateja ujumbe kwa jirani, akarudi nyumbani kwa mlango wa nyuma. Wifi alikuwa jikoni amempa mgongo. Sufuria kubwa upande mmoja, ndogo upande mwingine. Akamwona anachota mafuta kwa upawa, anamimina kwenye ile ndogo, anachota tena. Halafu akatia mkono kwenye kopo la chumvi, akanyunyiza kama anayepikia darasa zima, akaonja, akaongeza.

"Wifi."

Yule mama hakushtuka. Aligeuka na mwiko wake, akamtazama.

"Kumbe unanivizia nyumbani kwa mdogo wangu."

"Miezi miwili! Miezi miwili naamka natembea mpaka magoti yananililia, na wewe unanipeleka kaburini kwa kijiko! Jana nimeitwa mwongo kliniki!"

"Ulikuwa unamaliza sahani au hukuwa unamaliza?"

"Sijakuuliza hilo!"

"Ulikuwa unamaliza. Unalamba na vidole." Sauti ya wifi ikapanda. "Nimelisha watoto mia nne kila siku, sikuwahi kurudishiwa sahani. Leo nipike maji ya kuoshea vyombo, uyasukume pembeni, watu waseme nimechoka? Chakula kisicho na chumvi ni adhabu, na mimi si askari jela!"

Fundi alimwona ameukumbatia mwiko wake kifuani, na kwa muda mfupi nusura amwonee huruma. Halafu akamkumbuka yule muuguzi na kalamu yake.

"Ungenikatalia," alisema. "Ungesema sipiki, ningejipikia. Wewe ulinikubalia usoni na mkono uko kwenye kopo."

Akaishika ile sufuria ndogo kwa kitambaa, akatoka nayo nje, akamwaga kila kitu kwenye shimo la taka. Wifi akapiga yowe kama aliyemwagiwa yeye.

Jioni kinyozi akawekwa kati. Dada yake alilia, akasema chakula kimemwagwa mbele ya macho yake. Mkewe hakulia. Aliweka kadi ya kliniki mezani. Kinyozi aliisoma, akaisoma tena, akakuna kidevu. "Ninyi wanawake malizaneni," alisema, na kwa maneno hayo akawakosea wote wawili.

Fundi alinunua jiko dogo la mafuta ya taa, akaliweka kwenye chumba cha kushonea, mbali na vitambaa. Alipika huko, akala huko. Wifi akaendelea kupika sufuria kubwa, na sahani ya fundi haikuwekwa tena mezani. Kinyozi, kwa kuogopa kumuudhi yeyote, alikula kwa mkewe saa kumi na moja na kwa dada yake saa mbili. Ilipofika Mei, koti lake la kazi lilikuwa halifungiki, na fundi alikataa kulipanua.

Mwezi huohuo presha ya fundi ilikuwa mia na thelathini na nane. Muuguzi alitabasamu. Fundi alirudi nyumbani, akapita sebuleni alipokaa wifi, akamwonyesha kadi.

Wifi aliisogeza mbali na macho yake, akaisogeza karibu.

"Umekonda kama mgonjwa," alisema. "Na mashine zao ni mbovu."

"Mbovu tangu lini, wifi? Tangu Februari au tangu leo?"

Wifi akaitupa kadi kwenye kochi. Fundi akachukua kadi yake, akaenda chumbani kuvua viatu. Tangu hapo wakawa wanapishana katika nyumba moja kama magari kwenye njia nyembamba, kila mmoja akijibana upande wake asimguse mwenzake, na asubuhi, kabla ya kutoka, fundi alijifunza kufunga mlango kwa nje na kuondoka na ufunguo, asije akafungiwa tena.