Vilele vya Sauti ya Klara

Mbaraka alifika Jumanne saa nne asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya kabichi, akiwa na sanduku la mbao begani. Fanueli, fundi redio wa kijiji cha ujamaa kilicho juu ya Malindi, ile ya milimani, si ya pwani, alikuwa kibarazani akilehemu waya. Hakuwa akitarajia mgeni.

"Habari za kazi, ndugu fundi. Natoka Sigi. Nimetumwa kupima sauti."

"Sauti ya nani?"

"Ya yeyote. Ikiwa na nguvu ni bora zaidi."

Alieleza kwamba vijiji kumi na viwili vitaundiwa amplifaya, mashine za kukuza sauti, na kwanza ijulikane ni kifaa kipi kinachokata sauti vibaya. Kila kifaa kina kipimo chake. Sauti ikizidi kipimo hicho, kilele chake hukatwa na kuanguka chini. Jambo hilo lilijulikana kijijini. Baada ya kila ibada na kila mkutano, mtu mmoja alipewa zamu ya kufagia chini ya spika.

Sauti yenye nguvu ilikuwa ya Klara, mke wa Fanueli, aliyeongoza kwaya ya Kilutheri. Zamani ilikuwa na nguvu zaidi. Miaka mitatu nyuma, siku ya Sabasaba, ilivuka mabonde ikafika Mgwashi, watu wakaacha kupalilia, na wiki iliyofuata mwanamume mmoja wa huko akaandika barua kuuliza jina la mwimbaji. Barua ilipokelewa na Fanueli. Hakuijibu. Mwaka huohuo Klara alimzaa Raheli, na watu wakasema uzazi umemshusha sauti. Klara mwenyewe aliamini hivyo.

Mbaraka alipanga vifaa vyake mezani. Kwanza Klara aliimba kupitia valvu, kile kitaa cha kioo kinachowaka ndani kama kaa. Vilele vilivyoanguka vilikuwa vichache na vya mviringo, kama punje za mtama. Klara alivitazama akacheka. Fanueli alimwona anavyocheka, akaona pia kwamba mgeni ameongezewa chai mara mbili bila kuomba.

"Mama Raheli, sukari inaisha."

"Iache iishe. Kwani wageni tunao kila siku?"

Diodi ya madini ya gerimani, kile kidude kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ilianza kukata mapema, lakini kwa upole. Vilele vyake vilikuwa laini kama maganda ya viazi. Diodi ya silikoni ilikata bapa, na vipande vikaanguka kama vya bati, vyenye kingo za kumchana mtu kidole. Transista nayo ilikata bapa, ila ilivumilia mpaka Klara alipopaza sauti kabisa. Mbaraka aliandika yote daftarini. Fanueli alikichukia kile kitaa cha kioo kama mtu anavyomchukia jirani mwenye nyumba nzuri.

Mwisho ilipimwa amplifaya ya Fanueli, ile ya kanisani na mikutanoni. Ilikuwa ya transista, kwa hiyo Mbaraka alitegemea vipande vichache. Klara aliimba ubeti mmoja, vipande vikajaza nusu debe.

Mbaraka aliomba bisibisi. Fanueli alisema imepotea. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, mpini ukionekana. Mbaraka aliichomoa kwa adabu, akafungua kifuniko.

"Ndugu fundi, hizi diodi mbili za silikoni zinafanya nini humu? Moja inakata juu, nyingine inakata chini. Mashine haizihitaji."

Klara aliokota kipande kimoja, akakiweka sikioni kama watu walivyozoea kufanya ili kujua ni cha nani. Kilikuwa chake, cha juu kabisa, kizima, hakina mkwaruzo.

"Nilidhani nimezeeka," alisema. Alikuwa na miaka ishirini na saba.

Mgeni alipotoka kunawa mikono, Fanueli alimweleza mkewe habari za barua.

"Ukadhani watu wa Mgwashi watakuja na ng'ombe wa mahari kunichukua?"

"Nilitaka sauti iishie hapa kwetu."

"Kwaya nzima inaniita bibi, Baba Raheli. Waambie wewe, kwa mdomo wako."

"Jumamosi, mkutanoni. Nakuahidi."

Jumamosi Mbaraka alisoma matokeo yake mbele ya kijiji kizima. Mwenyekiti, Mzee Hamisi, alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza ni mashine ipi inayozuia sauti moja kupita nyingine. Mbaraka alikuwa mtu mkweli. Alijibu kwamba ni ile yenye diodi mbili.

"Basi hiyo ndiyo ya ujamaa," alisema Mzee Hamisi. "Ndugu Fanueli aliona mbali. Ataunda zote kumi na mbili, na diodi zake humo humo."

Watu walipiga makofi. Klara alikuwa akimfunga Raheli mgongoni, wala hakumtazama mumewe.

Fanueli alisimama, akashika kipaza sauti. Alisema kwamba diodi alizitia kwa sababu, na hapo sauti yake ikapanda, diodi zikaikata, na kipande kikaanguka miguuni pa Mwenyekiti. Akakiweka chini kipaza sauti.

"Nilizitia kwa wivu," alisema kwa mdomo mtupu. "Mke wangu hajashuka sauti. Ni mimi nilikuwa naikata, miaka mitatu."

Wanaume wa mstari wa mbele walicheka. Mmoja aliuliza kama na sufuria za nyumbani amezitia diodi. Mzee Hamisi alingoja wanyamaze, kisha akasema diodi zitabaki, kwa kuwa zimeshapitishwa, lakini fundi wa namna hii hatumwi vijiji vya watu. Kazi ataifanya Ndugu Mbaraka. Katibu aliandika.

Waliokaa nyuma, upande wa wanakwaya, walisema hawajasikia fundi alichosema.

Fanueli alivuta pumzi, akawageukia, akarudia tangu mwanzo.